Lori Lilivuja, Oili Ikazidi

Siku nilipotoka eda, mtu wa mwanzo kuja kunitazama alikuwa dereva wa marehemu mume wangu. Alikaa ukumbini, akasoma Fatiha, akanywa kahawa yake, kisha akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Amana yako hii, shemegi," alisema. Tulikuwa tukiitana shemegi miaka yote, maana yeye na mume wangu walikuwa zaidi ya tajiri na dereva wake, walikuwa ndugu. "Lakini nikwambie mapema. Gari linatoa jasho."

"Jasho la nini tena?"

"La oili. Kidogo tu. Halina neno."

Nikasema alhamdulillahi, ingawa sikujua nnashukuru nini. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona hapa Kikwajuni tangu sijaolewa, na mashine kubwa kabisa niliyowahi kuitia oili ni cherehani yangu ya miguu. Lori lile lilikuwa la mume wangu peke yake. Alilinunua wakati jeshi lilipokuwa likiuza magari yake makuukuu, na watu wakamcheka, kwa sababu lilikuwa halitembei. Akalitengeneza mpaka likatembea. Akalipaka rangi ya buluu, lakini kijani cha jeshi kikawa kinachungulia kila pahala rangi ilipobambuka, na mlangoni, ukitazama kwa ubavu, ungeona namba nyeupe za zamani. Kwa lori hilo alikuwa akichukua magunia ya mwani mkavu kutoka Paje na Jambiani na kuyaleta Malindi, bandarini hapa mjini, kwa wanunuzi wanaosafirisha. Kwa lori hilo tumesomesha watoto, ambao sasa wako Bara na maisha yao. Akirudi nyumbani alilitaja kama mtu anavyotaja kazi yoyote: leo limekwenda vizuri, leo limenichosha. Zaidi ya hapo mimi sikuuliza, na yeye hakunambia.

Ndugu zake walitaka liuzwe. Mimi sikujua nnataka nini. Nikasema tungoje kidogo.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda na dereva kwenye kiwanja linapolala, nyuma ya majumba. Injini ya lori lile haikuwa mbele kama za magari mengine. Ilikuwa ndani, baina ya kiti cha dereva na kiti cha abiria, chini ya kifuniko kikubwa cha bati. Dereva alikifungua akasogea pembeni ili nitazame. Nilitegemea kuona kitu kinachuruzika. Badala yake niliona chuma kizito kilicholowana, vumbi limegandana na mafuta kila ukingoni likawa kama sembe nyeusi.

"Sasa inatoka wapi?" niliuliza.

"Hapa," akaonesha kwa kidole. "Na hapa. Na pale chini pia."

"Khasa ni wapi?"

"Ndo nshakwambia, shemegi, ni jasho. Mtu akitoka jasho utamuuliza linatoka wapi?"

Nilirudi nyumbani nikamwita fundi wa magari aliyekuwa akilishughulikia lori tangu zamani, mtu mzima wa maneno mengi mwenye gereji yake Mwanakwerekwe. Alikuja, akainama, akapapasa, akasema tatizo ni gasketi ya kifuniko cha juu cha injini. Imezeeka, imekauka, haizibi. Nikanunue nyengine.

Nikenda Darajani. Muuza spea akaniuliza gari gani, mwaka gani, injini ile ya mwanzo au iliyobadilishwa, na gasketi nnataka ya mpira au ya koki, ile ya vizibo vya chupa. Nilisimama pale na mkoba wangu kwapani, kila swali linanizidi kimo. Mwisho nikamwambia nnataka ile ambayo haivuji. Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka, na yeye akacheka, akanipa ya koki.

Fundi akaifunga. Juu pakakauka kweli. Lakini alipolipeleka dereva Bwejuu na kulirejesha, ubavuni pamelowana kuliko mwanzo. Fundi akaja tena, akasema basi ni sili ya nyuma, pete inayozuia oili isitoke, na kuifikia lazima gia boksi ishushwe. Muuza spea nilipompitia akasema nisikubali kushusha kitu chochote, nitie oili nzito zaidi tu. Shemegi yangu wa damu, mdogo wake marehemu, akasema hiyo ni dalili kwamba gari limeshakufa, niliuze kwa mnunuzi wa vyuma. Jirani yangu akasema nilisomee Yasini. Na dereva akashikilia neno lake lile lile:

"Liwache, shemegi. Gari la zamani ukiliona halivuji, jua halina oili."

Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na kila hakika ilikuwa ikigombana na mwenzake. Nilikuwa nikilala nayo na kuamka nayo. Nikipima kitambaa cha mteja, nafikiria sili ya nyuma, ambayo sijawahi kuiona na sijui imekaaje. Ilinishangaza kwamba siku nyengine nilikuwa namlilia mume wangu, na siku nyengine nilikuwa namkasirikia kwa kuniachia kitu ambacho hakunifundisha hata jina lake.

Mwisho nikafanya jambo ninaloliweza, nalo ni kusafisha. Nikachukua vitambaa vya mabaki ya kushonea, ndoo na sabuni ya unga, nikaenda kiwanjani nikaisugua injini ile mpaka mikono ikaniwasha. Dereva alinionesha kijiti cha kupimia oili: unakichomoa, unakifuta, unakirudisha, unakichomoa tena, na oili inatakiwa iwe baina ya alama mbili. "Ikishuka chini ya hii ya pili, hapo ndo tuogope," alisema. Nikaona hilo ni jambo la akili. Kama inavuja kwa kweli, itapungua, na kijiti kitanambia.

Basi nikawa nakwenda kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani. Nafuta jasho, napima oili.

Haikupungua. Ilizidi.

Mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Nikafuta, nikarudisha, nikachomoa: oili iko juu ya alama ya juu. Labda ndivyo ilivyokuwa, nikasema, mimi ndiye sikutazama vizuri. Kesho yake nikaiona iko juu zaidi. Lori likenda shamba na kurudi, naikuta imepanda tena, na huku nje injini imerowa. Kitu kinavuja, na kwa kuvuja kwake kinaongezeka! Nikajiuliza kama injini zina kawaida hiyo na dunia nzima inajua isipokuwa mimi. Niliona haya kumuuliza fundi. Nilishachoka kuchekwa.

Nikakaa nikafikiri, na nikaona kuna njia moja tu ya oili kuingia, nayo ni mkono wa mtu. Na mtu mwenye ufunguo mwengine ni mmoja, niliyemwachia ili safari zisisimame. Nikasadiki kwamba dereva anatia oili kwa siri, kwa mfuko wake, ili mimi nisiogope na nisiliuze lori. Ana nyumba imejaa watu wa kulisha, na anatia oili kwenye gari la mjane! Nilimhurumia, nikamwonea haya, na kidogo nikaudhika pia, maana nilijiona kama mtoto anayefichwa mambo na wakubwa.

Nikamwambia safari ya Jambiani inayokuja nitakwenda naye. Akashangaa, lakini hakukataa.

Tuliondoka asubuhi. Nilikaa kwenye kiti alichokuwa akikaa mume wangu, na joto la injini likinichoma mguu wa kulia kupitia baibui. Kelele yake ilikuwa kubwa hata ukitaka kusema neno lazima upige ukelele. Tukapita Tunguu, tukapita Bungi. Nilimwona dereva anatazama mara kwa mara saa moja ndogo iliyo mbele yake, ambayo mshale wake ulikuwa umelala chini. Nilipomuuliza akasema inaonesha nguvu ya oili, lakini nisijali, ni kongwe, pengine imekufa.

Tulipokaribia Jozani, akapunguza mwendo kwa ajili ya kima wanaovuka njia, na kelele ikapungua. Nikaona hapa ndipo.

"Shemegi," nikasema, "kuna jambo unanificha."

Alikwenda kidogo, kisha akalitoa lori pembeni, akazima injini, mikono yake akaiacha kwenye usukani.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Hakuna aliyenambia. Nimeona mwenyewe kwa macho yangu."

"Hukuweza kuona. Hukuwepo."

"Sikuwepo, lakini naona kila asubuhi. Mimi si mjinga. Kwa nini hukunambia?"

Akapangusa uso kwa kiganja. "Alinikataza, shemegi. Aliniapisha. Aliniapisha hapa hapa, pahala hapa tulipo."

"Nani aliyekuapisha?"

"Marehemu."

Nilimtazama nisimwelewe. "Marehemu alikuapisha utie oili?"

Akanigeukia. "Oili gani?"

Tukakaa tunatazamana, kila mtu na neno lake. Niliona usoni mwake kwamba amejua amekosea mlango, na anatafuta njia ya kurudi nyuma. Lakini neno lishatoka. Nikamwambia asinizungushie maneno, aseme lote.

Akasema. Akasema mume wangu alikuwa akibanwa na kifua. Si mara moja. Ilianza muda mrefu kabla ya kufa. Walipofika maeneo haya, alikuwa akimwambia asimamishe, anashuka anakwenda kulala nyuma juu ya turubai, jasho linamtoka mpaka shati linaganda mwilini. Akipata nafuu anavua shati lile, anavaa jengine alilochukua kwenye mfuko, wanaendelea. Dereva alimsihi aende hospitali. Akasema ni joto la injini tu, nani asiyetoka jasho akikaa karibu na kitu hiki. Akamwapisha asinambie.

Nilizikumbuka zile shati. Mimi ndiye niliyekuwa nikizifua. Kila alipokwenda shamba zilirudi shati mbili, na nilikuwa nikijiuliza mtu anayepakia magunia anabadilisha shati kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimeshajijibu, tena. Nilimshuku kuwa na mwanamke Jambiani. Sikumuuliza, lakini muda mrefu niliishi na mwanamke huyo kichwani, nikamtia umri, nikamtia na sura. Na sasa naambiwa hakuwepo. Sikujua nifurahi, nilie, au nimpige huyu aliyekaa mbele yangu. Nilifungua mlango nikashuka. Nikasimama kando ya njia na kima wananitazama.

Baadae dereva naye akashuka, akasimama mbali kidogo.

"Na oili?" nikamuuliza, maana ndilo jambo pekee lililobaki mikononi mwangu. "Oili unatia wewe au hutii?"

"Mimi sijatia hata tone. Nilidhani unatia wewe."

"Mimi!"

"Kila nikipima naiona imezidi. Nkasema shemegi hana uzoefu, anatia kwa mapenzi, nikimwambia ntamvunja moyo. Nkanyamaza."

Sote wawili tukaligeukia lori. Kwa kitambo, na simwonei haya mtu kusema, ilinipitia akilini kwamba anayetia ni marehemu mwenyewe, kutoka huko aliko. Naona dereva alilisoma wazo usoni mwangu, kwani alisema astaghfirullah kabla sijafungua mdomo, akapanda kuwasha gari.

Jambiani tulipakia kama kawaida. Kinamama wa mwani walinishika mikono, wakanipa pole, mmoja akanambia marehemu alikuwa akipenda kukaa pale kwenye kivuli cha banda wakati magunia yanapakiwa, na wao wakimtania kwa uvivu. Nikaitikia tu. Kila nilichoambiwa siku ile kilikuwa na uso wa pili.

Tuliporudi nilimwambia dereva alipaki lori, aniachie ufunguo wake pia, nitamwita. Sikumwita. Nilikaa na cherehani yangu na hasira ambayo sikujua ni ya nani. Nikimlaumu dereva, nakumbuka kwamba aliapishwa. Nikimlaumu marehemu, naona amekwisha kufa na atanijibu nini. Sikuwa na hakika hata kama ni hasira.

Ilikuwa siku ya kufua. Vile vitambaa nilivyofutia injini vilikuwa vimejaa kwenye beseni uani, na mimi situpi kitambaa. Nikavitia sabuni nikitegemea kusugua hadi kuvunjika mgongo, kwa kuwa najua doa la oili. Hilo ndilo adui wa kazi yangu. Tone moja la oili ya cherehani likidondoka kwenye nguo nyeupe ya mteja, utafanya kila ufundi na kivuli chake hakitoki. Lakini weusi wa vile vitambaa ulitoka upesi, kama mtu anayefuta masizi. Maji yakawa na rangi juu yake. Nikakinusa kitambaa kimoja ambacho sijakitia majini.

Kilinuka dizeli.

Sikuelewa maana yake, nasema kweli. Nilijua tu kwamba nilichofuta hakikuwa kile nilichodhani nafuta. Nikamwita dereva. Alikuja amevaa kanzu kama anayekuja kuposa, akakaa kwenye ncha ya kiti. Nikampa kitambaa anuse.

"Sisikii kitu," akasema baada ya kunusa muda. "Miaka yote kwenye dizeli, pua yangu mimi ishakufa."

Tukaenda nacho Mwanakwerekwe. Fundi alinusa mara moja, maneno yake mengi yakakatika. Alipanda nasi mpaka kiwanjani, akachomoa kijiti, akadondosha oili kwenye karatasi nyeupe akaiweka juani juu ya tairi. Tukaisubiri. Katikati palibaki doa jeusi, na pembeni mwake pakatanuka duara jepesi, la manjano, likienda mbali na kuendelea kwenda.

"Hiyo ya pembeni ni dizeli," alisema. "Mmeliendesha hivi hivi?"

"Mpaka Jambiani na kurudi," dereva akajibu.

Fundi akatikisa kichwa. "Na mimi nilikuwa natazama nje tu."

Alitueleza, nami safari hii nikamsimamisha kila neno nisilolijua mpaka nikalijua. Ubavuni mwa injini kuna pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini. Ndani yake umo mpira mwembamba unaocheza juu chini. Mpira ule ulikuwa umepasuka, na dizeli badala ya kupanda yote inakopelekwa, nyengine ilikuwa ikimwagikia ndani, kwenye oili. Oili ikazidi kwa wingi na ikapungua uzito, ikawa nyepesi inapenya kila kiungo. Ndiyo maana kila gasketi tuliyoiziba ilihamia kwengine. Ndiyo maana ule mshale ulilala. Oili ya namna ile haikingi chuma na chuma kusagana. Tungeendelea, injini ingeshikana njiani, au ingeanza kunguruma yenyewe kwa kunywa oili yake na isizimike kwa ufunguo.

Aliifungua pampu akanipa ule mpira mkononi. Ufa wake ulikuwa mdogo, kama tundu la kifungo.

Darajani haukupatikana. Ukaagizwa Dar es Salaam, ukaja kwa boti mpaka Malindi, nao haukuwa wenyewe. Ukaagizwa mwengine. Huku tukingoja, fundi aliimwaga oili yote, ikatoka nyepesi kama chai ya mkandaa isiyo maziwa. Mpira wa pili uliingia sawasawa. Wakafunga pampu, wakatia oili mpya, dereva akawasha. Mshale wa saa ile tuliyoidhani imekufa ukainuka ukasimama wima. Dereva akapiga kelele ya furaha. Mimi nilikuwa nimeshazoea kutoelewa, nikangoja.

Safari ya kwanza ya kulijaribu iliporudi, nilipima: oili iko pale pale baina ya alama. Kisha nikapitisha kitambaa ukingoni mwa injini, nikakuta unyevu.

"Mbona bado?" nikamwuliza fundi kwa simu.

"Hilo sasa ni la kwake," akasema. "Gari la umri huo lina jasho lake."

"Ntajuaje lipi la kwake na lipi la ugonjwa?"

"Utalizowea," akasema. "Na upime."

Jawabu hilo halijanitosheleza mpaka leo. Mume wangu nilimzowea kuliko nilivyoweza kuzowea chuma chochote, na nilizifua shati zake kwa mikono hii.

Kwa dereva nilikwenda mwenyewe, kwake. Mkewe alitutilia chai akatuacha. Nilimwambia sijui kama nimemsamehe, kwa sababu sijui kama kuna la kusamehe, lakini ufunguo huu hapa, kazi iendelee, na sharti ni moja: asinifiche kitu, hata akiapishwa na nani.

"Hata kama ni kidogo?" akauliza.

"Hata kama si kitu."

Alilichukua neno hilo kama kiapo kipya. Ndugu wa marehemu bado wananiuliza lini nauza, nami nawaambia si msimu huu. Dereva ananipigia kutoka kila pahala: tairi la nyuma lina joto, honi imebadilika sauti, goti lake limeanza kumuuma anapokanyaga klachi. La goti nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Jana amenipigia adhuhuri kutoka Paje kunambia kioo cha kushoto kinatikisika.

"Ni kitu kibaya?" nilimuuliza.

"Wallahi sijui, shemegi."

"Wala mimi," nikasema. Nikamwambia akikaze tu, aje polepole, nikarudi kumalizia mkono wa gauni uliokuwa chini ya sindano.